Cheche Hutangulia: Tukinge Nyumba na Maduka Kabla ya Moto wa Kiangazi

Mvua zimekatika. Katika mikoa yetu ya miombo, kama vile Tabora, Katavi na Rukwa, na hata kule Ruvuma na Lindi, hatutaona mvua ya maana mpaka mwezi wa kumi na moja au zaidi. Nyasi zimeanza kubadilika rangi. Mwezi wa tano na wa sita ukizishika chini bado zina ubichi. Mwezi wa nane zinavunjika mkononi kama njiti. Mwezi wa tisa na wa kumi cheche moja tu inatosha.

Juu ya hasara ya misitu tumekwisha zungumza mara nyingi katika madarasa yetu. Leo tunataka kuzungumza juu ya nyumba unayolala, kihenge chako, duka lako na mashine ya kusaga ya kijiji. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mahindi tunayovuna mwezi wa tano na wa sita ndiyo chakula cha familia mpaka mavuno mengine. Kihenge kikiungua mwezi wa tisa, familia ina miezi minane mbele yake bila chakula chake. Na mbegu ya kupanda nayo imekwenda.

Moto unaifikiaje nyumba?

Watu wengi wanadhani moto wa porini unakuja kama ng'ombe aliyeingia shambani. Unamwona kwa mbali, unachukua fimbo, unamngoja mpakani. Mambo hayaendi hivyo. Moto hutanguliza watoto wake, nao ni cheche. Cheche ni vipande vya majani makavu, nyasi na magome ya miti ambavyo vinawaka huku vinapeperushwa na upepo. Vinaruka barabara, vinaruka mto mdogo, vinaruka hata shamba lililolimwa. Wewe uko kule mbele unapambana na ndimi za moto, kumbe nyuma yako cheche imekwisha tua juu ya paa. Wataalamu wa nchi zinazopata moto mkubwa wa misitu, kama Australia na Marekani, walichunguza nyumba zilizoungua wakaona jambo hilo hilo: nyumba nyingi ziliwashwa na cheche, au na moto mdogo uliotambaa chini kwenye takataka mpaka ukagusa ukuta.

Hii ni habari mbaya na ni habari nzuri pia. Ni mbaya kwa sababu cheche haizuiliki kwa fimbo. Ni nzuri kwa sababu cheche ni moto mdogo. Ikitua penye udongo mtupu inakufa yenyewe. Inahitaji kitu kikavu cha kula. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuinyima chakula, na kazi hiyo inafanyika sasa.

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo alituambia, "Mwalimu, mimi nyumba yangu ni ya bati. Hayo ya cheche waambieni wenye nyasi." Tukamjibu, "Sawa mama, twende tukaitazame." Tukaenda darasa zima. Ukutani kulikuwa na mzigo wa kuni. Chini ya upenu kulikuwa na mabua ya mahindi ya kulishia mbuzi. Juu, kati ya ukuta na bati, kulikuwa na nafasi ambayo mkono unapita, na ndani yake ndege walikuwa wamejenga kiota. Ndani darini kulikuwa na magunia matupu. Yule mama akatazama, akacheka. "Kumbe nimeweka bati juu na nyasi kila mahali!" Siku ile ile aliziba ile nafasi kwa udongo uliokandwa, na mabua akayahamishia mbali.

Basi nyumba ya bati inaweza kuungua kutoka ndani. Nyumba ya nyasi ina hatari zaidi, hilo hatulifichi. Nyasi za zamani zilizochakaa na kunyanyuka hushika cheche upesi kuliko zilizosukwa vizuri na kubanwa. Mwenye uwezo wa kuezeka upya na aezeke kabla kiangazi hakijakolea. Mwenye nyumba ya tembe, ile yenye udongo juu ya paa, ana bahati. Wazee wetu walijua walichokuwa wanafanya.

Tuhesabu hatua

Simama ukutani, upe ukuta mgongo, halafu tembea kwa hatua za mtu mzima. Hatua 2 za kwanza zisiwe na kitu chochote kinachowaka. Zisiwe na kuni, majani, mkeka wala kinu kikuukuu. Pawe udongo mtupu uliofagiwa. Sehemu hii ndiyo ndogo kuliko zote, nayo ndiyo inayookoa nyumba nyingi.

Endelea mpaka hatua ya 12 au 15. Hapa nyasi zifyekwe ziwe fupi kama kimo cha kidole, na zilizofyekwa ziondolewe. Tunasema ziondolewe kwa sababu tumeona watu wanafyeka vizuri sana, halafu wanaacha nyasi zimelala pale pale. Zikikauka umejitandikia kitanda cha moto. Miti hatuwaambii mkate. Mwembe wa kijani uliokatwa matawi yanayogusa paa na kufagiwa majani chini hauna neno, na kivuli tunakihitaji.

Upande mmoja wa nyumba unataka hatua nyingi zaidi, hata 30. Ni upande upi? Ni ule unaotoka upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu kwa kawaida hutoka mashariki na kusini mashariki. Kila mtu atazame mwenyewe mchana, moshi wa jiko lake unalala kuelekea wapi. Upande wa pili wake ndiko moto utakakotoka. Kama nyumba iko mlimani, ongeza pia hatua upande wa chini, kwa maana moto hupanda mlima mbio. Joto lake linatangulia juu na kukausha nyasi zilizo mbele yake.

Mzee mmoja alitupinga juu ya kufyeka, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Alisema, "Wanangu, mkiacha ardhi tupu, mvua za kwanza zitabeba udongo wote, na nyumba itabaki na msingi nje." Ni kweli. Ndiyo maana hatusemi ulime hatua zote 30. Zile 2 za karibu na ukuta ziwe tupu. Zinazobaki ziwe na nyasi fupi zenye mizizi. Na penye mteremko mkali, badala ya kulima, fyeka tu. Bustani ya mboga inayomwagiliwa, au shamba la mihogo lililopaliliwa vizuri, nalo ni kinga nzuri upande ule wa upepo.

Kuchoma mapema

Wengine watauliza: mbona tusichome tu nyasi zote, tukapumzika? Jibu linategemea unachoma lini na unachomaje.

Nyasi zikichomwa mwezi wa tano au wa sita, bado zina ubichi. Moto unakuwa mfupi na wa polepole, unaunguza sehemu na kuacha sehemu, na usiku umande unauzima. Baadaye moto mkali wa mwezi wa tisa ukija unakuta hakuna chakula, unasimama. Nyasi hizo hizo zikichomwa mwezi wa tisa au wa kumi, moto wake unapanda mpaka kwenye matawi na hakuna anayeuweza. Karibu na mji wa Ndola, nchini Zambia, kulianzishwa majaribio miaka ya 1930 katika miombo kama hii yetu. Sehemu moja ilichomwa kila mwaka mapema, nyingine ilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, na nyingine ilikingwa kabisa. Ile iliyochomwa kwa kuchelewa ilipoteza miti yake karibu yote ikageuka kuwa nyasi. Ile iliyochomwa mapema ilibaki na miti. Na penye nyasi nyingi, mwaka unaofuata pana moto mkubwa zaidi.

Lakini kuchoma mapema si kazi ya mtu mmoja na kiberiti chake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu juu ya uchomaji, na vijiji vingi vina sheria ndogo zake. Nenda kwanza kwa Afisa Mtendaji wa kijiji. Waambie majirani siku na saa. Kwanza limeni au fagieni mkanda wa kuzuia moto kuzunguka sehemu itakayochomwa. Washeni jioni upepo unapotulia, mkianza upande ambao moto utakwenda kinyume cha upepo. Watu wawepo na matawi mabichi, majembe na maji, wala asiondoke mtu mpaka moshi umekwisha. Kama tayari ni mwezi wa nane na hamjachoma, acheni. Fyekeni tu.

Kihenge na boma

Ukiweza usiweke chakula chote mahali pamoja. Mahindi mengine yakae kwenye kihenge, mengine kwenye magunia ndani ya nyumba ya bati, hata kwa ndugu wa kitongoji cha pili. Kihenge chenyewe kikandikwe udongo vizuri nje na ndani, na uvungu wake usiwe na kitu. Tumeona kuku wanatagia huko kwenye majani makavu. Wahamisheni.

Boma la ng'ombe lina jambo ambalo watu hawalifikirii. Lile boma la miiba linatuzuilia fisi, lakini miiba iliyokauka ni kuni tupu, na ng'ombe wamefungiwa katikati. Samadi nayo ikishika moto inafuka chini kwa chini siku nyingi. Fagia nje ya boma kama unavyofagia nyumba. Lango lifunguke kirahisi, hata mtoto aliweze. Siku ya hatari usimfunge mnyama kamba. Wafungulie, wapeleke penye ardhi iliyolimwa au mahali palipokwisha ungua.

Maduka, mashine na maghala

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kazi za biashara kijijini zinakusanya vitu vinavyowaka kuliko nyumba yoyote.

Tuanze na petroli. Siku hizi kila kijiji kina pikipiki, na petroli inauzwa katika chupa za maji mezani mbele ya duka. Inafaa tuseme wazi kwamba ni hatari kubwa. Petroli haingoji moto uiguse. Inatoa mvuke usioonekana, nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na kaa la moto la mama muuza maandazi hatua kadhaa mbali. Siku ya upepo na cheche, meza ile ni sawa na kuwasha duka mwenyewe. Kama ni lazima kuuza, petroli ikae katika kibanda chake peke yake, mbali na duka na mbali na jiko, kwenye kivuli, na ardhi yake iwe tupu. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu pale pale. Petroli ikiwaka usiimwagie maji. Itaelea juu yake na kusambaa ikiwa inawaka. Mwagia mchanga.

Kwenye mashine ya kusaga kuna dizeli, kuna matambara yenye mafuta, na kuna vumbi la unga ukutani na kwenye nguzo. Vumbi hilo linawaka. Lifagiwe kila jioni. Matambara yasitupwe pembeni. Tena tazama bomba la moshi la injini linaelekea wapi. Kama linatema cheche nyasini, basi mashine yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo cha moto wa kijiji. Bomba linyanyuliwe, na nyasi za upande ule zipaliliwe mpaka udongo.

Wakulima wa tumbaku wana mabani, na karibu na bani mara nyingi kuna kuni zimepangwa za msimu ujao. Kuni hizo zikae mbali, hatua 12 au zaidi. Na wenye maghala ya pamba wakumbuke kwamba pamba huficha moto ndani. Cheche ikiingia, juu utaona kama imezimika, kumbe ndani inafuka, na usiku inalipuka. Milango na madirisha ya ghala yafungwe vizuri mchana wa upepo. Robota lolote lililoguswa na cheche litolewe nje, lipasuliwe.

Warina asali wengine bado wanatumia mwenge wa nyasi na kuudondosha chini wakiumwa na nyuki. Bomba la moshi la kurinia linafanya kazi ile ile na moto wake uko ndani ya kopo. Mchoma mkaa naye asiache tanuri lake kwenda kulala nyumbani.

Sasa jambo ambalo ni letu sisi tuliojua kusoma na kuandika. Muuza duka, lile daftari la madeni ni mali. Likiungua, madeni yameungua nalo, na mdaiwa mwenye kumbukumbu fupi hatakukumbusha. Lakini wewe aliyekukopesha bidhaa mjini atakukumbusha. Nakili madeni yote katika daftari la pili kila mwisho wa wiki, ulitunze nyumba nyingine. Vivyo hivyo vyeti vya watoto, hati za shamba, kadi za kliniki na vitambulisho viwe pamoja katika sanduku la bati dogo ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba akikimbia. Mtu mmoja katika familia apewe kazi hiyo, na wote wajue ni nani.

Kijiji kizima

Nyumba yako inaweza kuwa safi kama uwanja wa shule, lakini kama jirani wa upande wa upepo ana banda la nyasi lililoanguka, cheche zake zitakuja kwako. Kwa hiyo kitongoji kipange siku ya kufyeka pamoja. Wazee, wajane na wagonjwa wafyekewe kwanza. Andikeni orodha ya nani ana ngazi, nani ana mapipa ya maji, nani ana mkokoteni, nani ana pikipiki. Pangeni zamu za kutazama moshi mchana, hasa kuanzia saa tano mpaka saa kumi na moja jioni. Kubalianeni mlio mmoja wa hatari, kama kugonga rimu la gari, na usitumike kwa jambo jingine.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Pigeni mapema. Lakini tusidanganyane. Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na ilichukua siku nyingi, ingawa taifa zima lilikuwa linautazama mlima ule. Sasa fikiria kijiji kilicho kilometa 80 kutoka makao ya wilaya. Kabla gari halijafika, moto utakuwa umekwisha pita.

Siku moto ukija

Watoto, wazee na wagonjwa waondoke kwanza, waende penye ardhi tupu. Uwanja wa mpira wa shule unafaa sana. Wanaobaki wavae nguo za pamba za mikono mirefu na viatu. Nguo za nailoni huyeyuka zikashikana na ngozi. Fungeni milango na madirisha. Ngazi isimamishwe ukutani, ndoo zijazwe, paa la nyasi lirushiwe maji upande wa upepo kabla cheche hazijaanza. Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama paa tu, asiitwe kusaidia kwingine.

Moto wa nyasi fupi unapigwa kwa matawi mabichi kutoka pembeni, mkiwa mmesimama upande uliokwisha ungua. Usisimame mbele yake. Ukizingirwa, usikimbie kupanda mlima. Tafuta mahali palipokwisha ungua au penye udongo, ulale kifudifudi, jifunike kitambaa kizito kisicho cha nailoni. Na kama ndimi za moto zinapita kimo cha mtu, acheni nyumba. Kihenge kinasukwa tena.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi, apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala tope.

Moto ukipita msiende wote kulala. Kagueni paa, upenu, samadi, magogo na visiki. Kisiki kikubwa kinaweza kuwaka ndani kwenye mizizi siku kadhaa bila kutoa ndimi, halafu upepo wa mchana ukikipuliza kinatoa cheche upya. Peleka mgongo wa mkono karibu nacho. Ukisikia joto, chimba, mwaga maji, koroga kwa jembe, mwaga tena. Rudi kukitazama kesho asubuhi, rudi tena saa sita upepo unapoanza, na kesho kutwa vilevile.